Kutoka dawatini hadi ubaoni: namna ya kujiandaa kuwa mwalimu kupitia chuo kikuu

Kila anayeomba nafasi ya kusomea ualimu anaamini anaijua shule, na si ajabu. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba mtu anapomaliza sekondari huwa amekaa mbele ya walimu kwa takribani saa 13,000. Sijui kazi nyingine ambayo anayeiingia ameitazama kwa muda mrefu hivyo. Lakini ameitazama akiwa dawatini. Amemsikia mwalimu akiuliza swali, hakujua kwa nini lilichaguliwa lile na si jingine. Amerudishiwa daftari lililosahihishwa, hakumwona mwalimu alipogundua kwamba nusu ya darasa imekosea swali moja na akalazimika kulibadilisha somo la kesho.

Nimefundisha kwa miaka mingi, na nimekuwa mwalimu mlezi wa wanachuo wengi waliokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Waliopata taabu zaidi hawakuwa wenye alama ndogo chuoni. Walikuwa wale waliofika wakiamini kwamba kazi wanaijua tayari. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa zinalenga jambo moja: uanze mapema kuyaona yale ambayo mwanafunzi aliyekaa dawatini hawezi kuyaona.

Hatua ya 1: Fundisha mtu kabla hujajaza fomu

Tafuta watoto wawili au watatu uwasaidie somo unalolimudu, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mzima. Mmoja anafaa, ila watatu ni bora, maana hawataelewa kwa kasi moja, na ugumu wa ualimu umo katika tofauti hiyo. Kila mnapomaliza, andika kwenye daftari mambo mawili tu: mtoto amekosea wapi, na unadhani alifikiri nini hata akakosea hivyo. Usiandike kwamba hakuwa makini. Hayo si maelezo, ni hukumu.

Baada ya hapo, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule yoyote inayokubali wageni uketi nyuma ya darasa kwa siku mbili au tatu. Ukiwa humo, usimtazame mwalimu. Najua jinsi ilivyo vigumu, macho yanamfuata yenyewe kwa mazoea ya miaka. Chagua wanafunzi watatu, mmoja wa mbele, mmoja wa katikati na mmoja wa pembeni nyuma, kisha kila baada ya dakika 5 andika kila mmoja anafanya nini. Mwisho wa kipindi utakuwa na picha ya somo lilivyopokewa. Mara nyingi haitafanana na somo lililotolewa.

Mwezi ukiisha, lisome daftari lako na ujiulize kwa uaminifu kama swali la kwa nini mtoto hajaelewa linakuvuta au linakuchosha. Kuwapenda watoto ni jambo jema, na kulipenda somo ni jambo jema. Lakini kitakachokurudisha darasani wiki ya tisa ya muhula, madaftari yamerundikana mezani na koo limekauka, ni hamu ya kujua mtu mwingine anafikirije. Ukiona huna hamu hiyo, ni afadhali ujue sasa, kabla ya miaka na ada.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa maswali, si kwa jina la chuo

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni shahada ya ualimu yenyewe, ambamo unasoma somo lako na mbinu za kulifundisha kwa pamoja, kwa kawaida miaka mitatu au minne. Ya pili ni kusoma kwanza shahada ya kawaida, tuseme ya kemia au ya historia, kisha kuongeza mafunzo ya ualimu ya mwaka mmoja au miwili. Njia ya kwanza inakupa muda mrefu wa kukomaa. Ya pili inamfaa aliyechelewa kuamua au anayetaka kulijua somo lake kwa kina kwanza, ingawa mwaka huo mmoja ni wa mbio kwelikweli. Nchi hutofautiana sana. Finland iliamua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba hata mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya uzamili.

Kabla ya kuchagua, uliza haya, na uulize kwa maandishi ili ubaki na majibu:

- Je, shahada hii inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu katika nchi unayokusudia kufundisha? Anza na hili. Nimekutana na vijana waliogundua baada ya mahafali kwamba karatasi yao haiwaruhusu kuingia darasani bila kozi nyingine ya ziada.
- Mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi kwa jumla, na yamegawanywa mara ngapi?
- Mkufunzi atakuja kuniona nikifundisha mara ngapi, na je, yeye mwenyewe amewahi kufundisha shule ya ngazi hiyo?
- Masomo gani mawili yanaweza kuunganishwa kama masomo ya kufundishia?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Uingereza, mwanachuo wa mafunzo ya uzamili ya mwaka mmoja hutakiwa awe shuleni kwa siku zisizopungua 120. Chukua kipimo hicho ukilinganisha. Programu inayokupeleka shuleni mara moja tu, mwishoni kabisa, inakunyima nafasi ya kukosea, kurudi chuoni kufikiri, na kwenda tena.

Kuhusu masomo mawili, chagua moja unalolipenda na jingine linalohitajika. Katika nchi nyingi hesabu na sayansi hukosa walimu wa kutosha, hivyo anayeyamudu hupata kazi mapema. Lakini usichague hesabu kwa ajili ya kazi peke yake, maana wanafunzi wanatambua haraka kama mwalimu wao analipenda somo.

Hatua ya 3: Lisome somo lako upya, safari hii kwa macho ya anayekosea

Kama una nguvu za kuitendea haki hatua moja tu, ziweke hapa.

Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba kuna maarifa ya aina yake ambayo si ya somo tupu wala si ya mbinu tupu. Ni maarifa ya kujua somo hili linafundishika vipi: mahali gani huwatatiza wengi, mfano upi unafungua na upi unapotosha, na watoto huja darasani wakiamini nini kabla hujafungua mdomo. Mhandisi anaweza kulijua jibu kuliko wewe. Kinachokufanya mwalimu ni kulijua kosa.

Chukua hesabu hii: mwanafunzi anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Anayejua hesabu atamwambia amekosea, atafute kigawe kidogo cha shirika, na atamwonyesha hatua. Mwanafunzi atazikariri, na baada ya wiki mbili ataandika tena 2/5. Kwa nini? Kwa sababu kwake sehemu si namba moja. Ni namba mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kujumlisha amefundishwa tangu zamani: ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Mwalimu anayeliona hilo hasemi lolote kuhusu kigawe. Anauliza: "Ulianza na nusu, ukaongeza kitu. Je, 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Kisha ananyamaza. Mtoto anachora, anapima, anagundua kwamba ameongeza kitu halafu akabaki na pungufu ya alichoanza nacho. Sasa ana shida ya kwake mwenyewe, na kigawe kidogo cha shirika kinakuja kama msaada.

Au chukua biolojia. Waulize wanafunzi mti mkubwa umeupata wapi uzito wake. Wengi watajibu kutoka udongoni, na watu wazima wengi watajibu hivyohivyo. Jan Baptist van Helmont, aliyeishi Ulaya karne ya 17, aliupanda mche kwenye chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ulipungua gramu zisizofika 100. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji, na hapo alikosea, maana hakujua kwamba majani hutumia kaboni dioksidi ya hewani. Mwalimu anayeijua habari hii ana somo zima mkononi: kosa la mwanafunzi, ushahidi unaolivunja, na kosa la mtaalamu linalofungua mlango wa usanisinuru. Ukiwa na ufafanuzi wa kitabu peke yake, huna hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo, kuanzia mwaka wa kwanza, fungua daftari la makosa. Kila mada ya mtaala ipe ukurasa. Andika makosa unayoyakumbuka ya kwako, ya wenzako, ya watoto unaowasaidia, na yale unayoyasoma katika ripoti za watahini wa mitihani ya taifa, ambazo hueleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. Mbele ya kila kosa andika swali moja ambalo lingemfanya mtoto alione mwenyewe. Kufikia mwaka wa mwisho utakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi popote.

Hatua ya 4: Usiidharau nadharia, wala usiikariri

Saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji na tathmini: wanachuo wengi huyapita masomo haya kwa kukariri majina usiku wa kuamkia mtihani. Wanajinyima. Shika machache, lakini uyaone kwa watoto halisi.

Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alizungumzia eneo lililo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa. Ukimsaidia mtoto jioni, tafuta mpaka huo. Mpe swali, ona anapokwama, mpe dokezo dogo kuliko yote unayoweza kufikiria, ona kama ameondoka. Ngazi sita za kufikiri, kutoka kukumbuka tu hadi kutathmini, ambazo mwanasaikolojia wa Marekani Benjamin Bloom na wenzake walizitoa mwaka 1956 hazina faida kama orodha, bali zina faida unapoyapitia maswali kumi uliyoyatunga na kugundua kwamba tisa yanataka mwanafunzi akumbuke tu. Na Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, anakupa sababu ya kuanza kila kipindi kwa maswali matatu ya nyuma: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kusahau huanza mara moja, na kurudia kwa vipindi ndiko kunakochelewesha kusahau huko.

Hatua ya 5: Fundisha wenzako, ujirekodi, utazame

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dwight Allen na wenzake pale Stanford walibuni zoezi ambalo vyuo vingi bado vinalitumia: mwanachuo anafundisha somo fupi sana, la dakika 5 hadi 10, kwa kikundi kidogo, akitia mkazo stadi moja tu. Anatazamwa, anasahihishwa, halafu analifundisha tena. Vyuo vingine vimelipunguza likawa la mara moja kwa ajili ya alama, na ile sehemu ya kufundisha tena imeachwa. Hiyo ndiyo sehemu yenye thamani. Kama chuo chako hakiifanyi, kusanyeni wanachuo wanne, tafuteni chumba kitupu jioni, na mfanye wenyewe kila wiki.

Anzeni na kuuliza swali na kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alisikiliza kanda za vipindi vingi akakuta kwamba walimu husubiri kwa wastani sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wanarudia swali, wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliokaa kimya walipungua, na wanafunzi waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Sekunde tatu zinasikika chache. Simama mbele ya watu uzihesabu, utaona zinavyokuwa ndefu. Ndiyo sababu zinahitaji mazoezi.

Simu moja iliyoegeshwa dirishani inatosha kurekodi. Tazama rekodi mara mbili, mara ya pili bila sauti. Bila sauti utaona unasimama wapi, unawapa mgongo kwa muda gani ukiandika ubaoni, na macho yako yanarudi kwa nani. Wengi wetu hufundisha upande mmoja wa chumba bila kujua.

Zoeza pia mwandiko wa ubaoni. Herufi zisomeke kutoka mstari wa mwisho, mistari isipande mlima. Simama ubaoni nusu saa kila siku kwa mwezi, utashangaa.

Hatua ya 6: Andika andalio la somo kuanzia mwisho

Kila chuo kina fomu yake yenye visanduku vyake, na utaijaza kama inavyotakiwa. Lakini mpangilio wa fomu usiwe mpangilio wa fikra zako. Anza na dakika 5 za mwisho. Mwanafunzi atafanya nini mbele yako, kitu unachoweza kukiona au kukisoma, kitakachokuonyesha kwamba ameelewa? Liandike hilo kwanza, kwa kitenzi kinachoonekana: ataeleza, atachora, atatatua, atalinganisha. Maneno kama "ataelewa" na "atafahamu" hayaonekani kwa macho.

Ukishalijua hilo, rudi nyuma. Ili aweze kufanya hivyo, anahitaji awe amejaribu nini kwa msaada? Ili ajaribu, anahitaji awe ameona nini? Na kabla ya kuona, anaamini nini sasa, ambacho huenda kikamzuia? Hapo lifungue daftari lako la makosa.

Kosa ninaloliona kila mwaka katika maandalio ya wanachuo ni kujaza safu ya kazi ya mwalimu kwa maelezo marefu, na safu ya kazi ya mwanafunzi ikawa na maneno mawili: kusikiliza na kuandika. Ukiona hivyo kwenye karatasi yako, umeandaa hotuba. Jaribu kuijaza safu ya mwanafunzi kwanza.

Kisha pangia muda, na uongeze nusu. Shughuli ya kikundi uliyoiwekea dakika 10 itakula 15, kwa sababu hukuhesabu kusogeza madawati, kugawa karatasi na kujibu swali la yule ambaye hakusikia maelekezo. Weka alama kwenye sehemu utakayoikata muda ukibana. Isiwe zile dakika 5 za mwisho.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kufundisha

Siku ya kwanza shuleni fika mapema, ujitambulishe kwa kila mtu, akiwemo mlinzi na msafishaji wa shule, ambao wanaijua shule kuliko utakavyoijua wewe. Omba ratiba, azimio la kazi la somo lako ili ujue mada zilizopangwa na zilizokwisha kufundishwa, na orodha ya majina. Jifunze majina. Chora ramani ya madawati, uandike majina juu yake, na ifikapo mwisho wa wiki ya kwanza uwe unawaita wanafunzi kwa majina yao. Hakuna zana ya kufundishia inayokaribia hii kwa nguvu.

Wiki ya kwanza tazama, usifundishe, hata kama umeambiwa uanze mara moja. Ukilazimishwa, omba angalau siku mbili. Tazama mwalimu wa darasa hilo anaanzaje kipindi, anakusanyaje madaftari, anawanyamazishaje. Mazoea hayo wanafunzi wanayo tayari. Ukiyafuata mwanzoni, umepunguza nusu ya vurugu.

Kuhusu nidhamu, ambayo ndiyo hofu ya kila mgeni, msikilize Jacob Kounin. Mwanasaikolojia huyu wa Marekani alichambua mikanda ya video ya madarasa mengi, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 alionyesha kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakutofautiana na wengine kwa namna walivyokemea baada ya fujo kutokea. Walitofautiana kwa walichofanya kabla. Wanafunzi waliamini kwamba mwalimu anaona kila kona. Somo lilikwenda bila kukatikakatika. Aliweza kumsaidia mmoja huku akiliangalia darasa zima. Kwa hiyo, badala ya kutafuta maneno makali, tafuta mapengo katika somo lako. Wakati wa kugawa karatasi, wakati wa kufuta ubao, wakati unamsikiliza mmoja na wengine 40 hawana la kufanya: fujo huzaliwa humo. Panga wafanye nini katika kila pengo.

Sauti yako ni chombo cha kazi na inachakaa. Ukipiga kelele kuliko wao, wao wataongeza. Simama mahali pamoja, inua mkono au toa ishara mliyokubaliana, subiri mpaka pawe kimya, halafu anza kwa sauti ya kawaida. Chupa ya maji iwe nawe. Ukipoteza sauti zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali, usijizoeshe.

Mahusiano na wanafunzi yana mipaka, na uiweke siku ya kwanza. Huenda umri wenu haujaachana sana. Usibadilishane nao namba za simu binafsi, usiwapige picha na kuziweka mtandaoni, usikae na mmoja peke yenu kwenye chumba kilichofungwa. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, sikiliza bila kumdodosa, usimwahidi kwamba utaificha siri, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyohiyo mpelekee taarifa anayehusika na usalama wa watoto pale shuleni. Uliza jina la mtu huyo wiki ya kwanza, ili siku hiyo usianze kutafuta.

Mwalimu wako mlezi ana mzigo wake. Usimuulize kama somo lilikuwa zuri, kwa sababu atajibu kwamba lilikuwa zuri na mtaachana hapo. Mpe kazi moja kabla ya kipindi: "Naomba mwalimu uniangalizie idadi ya wanafunzi watakaojibu leo, na wanakaa upande gani." Mtu akiwa na kitu cha kuhesabu, anakuletea ukweli. Na usibadilishe mambo sita kwa wakati mmoja. Badilisha moja, lifanyie kazi wiki nzima, uingie la pili.

Msimamizi kutoka chuoni atakuja siku usiyoitarajia. Waliojiandaa kwa ajili yake huonekana, maana wanafunzi huwa wanashangaa kuona zana ambazo hawajawahi kuziona. Kama umekuwa ukiandika andalio lako kila siku na shajara yako iko sawa, huna cha kuongeza siku hiyo.

Kutakuwa na kipindi kitakachoharibika kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha hesabu za sehemu kwa dakika 40 na mwisho nikawapa swali moja: wanafunzi watatu tu walipata. Nilirudi ofisi ya walimu nikakaa kimya. Mwalimu mmoja mzee alinifuata, hakunipa pole. Alichukua yale madaftari akaanza kuyapanga mezani kwa mafungu, kila fungu kosa lake. Yalitoka mafungu manne. "Kesho una masomo manne mafupi," akaniambia. Nilikuwa naona darasa lililoshindwa, yeye aliona makosa manne tofauti, na kila moja lina njia yake. Tangu siku ile nasahihisha kwa mafungu. Jaribu jioni hiyohiyo ya kipindi kibaya, kabla ya kulala, kwa sababu kesho yake hasira inakuwa imeyafunika makosa.

Hatua ya 8: Karatasi, na kipindi cha majaribio

Nchi nyingi hutaka hati ya polisi inayothibitisha kwamba huna rekodi ya uhalifu, cheti cha afya na usajili wa kitaaluma kabla hujaingia kazini. Hati hizi huchukua muda, hivyo anza kuzifuatilia miezi kadhaa kabla ya kuhitimu. Weka nakala za matokeo, barua za shule ulizofanyia mazoezi na fomu za tathmini kwenye jalada moja, na nakala nyingine mtandaoni.

Barua ya mapendekezo iombe kwa mwalimu mlezi wiki ya mwisho ya mazoezi, wakati bado anakikumbuka kipindi chako cha Jumanne, si mwaka mmoja baadaye. Mpelekee na maandalio mawili ya kumkumbusha.

Shule nyingi zitakutaka ufundishe kipindi kimoja cha majaribio mbele yao. Vijana hupenda kuchagua somo lao zuri kuliko yote. Mimi nakushauri uchague lile lililowahi kuharibika, ukalivunja na kulijenga upya. Lilete na karatasi mbili, andalio la kwanza na la pili, na ukiulizwa baada ya kipindi kwa nini ulifundisha hivyo, waonyeshe ulibadilisha nini na ni kosa la mwanafunzi gani lililokufanya ubadilishe.